Kilomita Tano za Mlimani

Sera ya afya ya Tanzania ina kipimo kinachopendwa kuliko vyote: kilomita 5. Mwananchi asiishi mbali zaidi ya hapo na mahali pa kutibiwa. Kwenye ramani ya Morogoro iliyotandazwa mezani kipimo hiki hakina shida. Unachukua bikari, unachora duara kuizunguka zahanati, na kila kijiji kilichoangukia ndani kinahesabiwa kuwa kimefikiwa. Bikari haipandi mlima. Mji wa Morogoro uko takriban meta 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu, upande wa kusini wa milima ya Uluguru, kinapita meta 2,600. Katikati ya miinuko hiyo watu wamejaa: Kinole, Tegetero, Bunduki, Nyandira, Kolero, Kibungo Juu. Kwa mkazi wa Kihonda, mjini, kilomita 5 ni dakika chache za bodaboda. Kwa mama mwenye mimba ya miezi tisa anayeteremka kutoka kitongoji kilicho juu ya Kinole, katika mvua za miteremko ya mashariki zinazogeuza njia kuwa utelezi mtupu, ni safari ya nusu siku. Na kurudi ni kupanda.

Nimeanza na kipimo kwa makusudi. Ukiniuliza kwa nini afya ya watu wa Morogoro inatofautiana kiasi hiki, nitakujibu kwamba tumezoea kuamini kuwa huduma ikishapata jengo imemaliza kazi yake, na kazi ya kutembea imebaki kwa mgonjwa. Wenye kutembea zaidi ni wale wale siku zote: mwanamke wa mlimani, mfugaji wa tambarare, mtu mwenye ualbino anayehitaji daktari wa ngozi. Kwa kuwa tunapima kwa wastani wa mkoa na kwa duara la bikari, kutembea kwao hakuonekani popote kwenye hesabu.

Wastani wa taifa kwa sasa unapendeza, na ni haki kuusema kwa sauti. Utafiti wa hali ya afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito na wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Akina mama waliojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goalkeepers kwa mafanikio haya. Nyuma ya takwimu hizo kuna vyumba vya upasuaji vilivyojengwa vijijini, wauguzi waliokesha, madereva waliokimbiza wagonjwa usiku. Lakini asilimia 81 ina wenzake 19, na hao 19 hawakutawanyika ovyo ovyo kama mbegu za kumwaga. Wamekusanyika mahali. Ukitaka kuwajua, waulize wakunga wa jadi wa mlimani wanakoitwa usiku.

Morogoro ina sababu ya pekee ya kulijua somo hili, maana liliwahi kufundishwa hapa hapa. Kuanzia mwaka 1992 mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima uliingia katika wilaya ya Morogoro Vijijini, ukapita nyumba kwa nyumba kuandika nani kafa, kisha ukawahoji ndugu wa marehemu ili kukisia alikufa kwa nini. Kabla ya hapo vifo vya nyumbani havikuwa na kitabu. Aliyefia hospitali alihesabiwa, aliyefia kitandani kwake alizikwa na hesabu yake. Mwaka 1996 ukafuata mradi mwingine uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP, ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, katika wilaya mbili: Morogoro na Rufiji. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza, ila halikuwa limefanywa: chukua hesabu ya vifo, iweke kando ya bajeti ya wilaya, kisha angalia kama fedha zinakwenda mahali watu wanapofia.

Hazikuwa zinakwenda huko. Malaria ilikuwa inabeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, nayo ilikuwa inapata asilimia 5 ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Kifua kikuu kilikuwa kinapata zaidi ya asilimia 20 ya fedha, huku mzigo wake ukiwa chini ya asilimia 4. Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa inaandikwa kama ilivyoandikwa mwaka uliotangulia, na mwaka uliotangulia iliandikwa kwa kufuata matakwa ya wafadhili wa miradi. Maofisa wa wilaya walipoonyeshwa picha hiyo, wakaongezewa fedha zisizofika dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka na wakaachiwa uhuru wa kupanga, walizihamisha. Katika muda wa miaka kama mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Kisa hiki kinanigusa kila ninapokikumbuka, kwa sababu mbili. Kwanza, kinaonyesha kwamba maofisa wa halmashauri, watu ambao husemwa vibaya kila siku, wakipewa taarifa sahihi na mamlaka hufanya kazi ya kuokoa maisha. Pili, kinaonyesha kazi iliyobaki. Hesabu ile ilikuwa ya wilaya nzima, na wilaya ya Morogoro ya wakati ule ilikusanya pamoja vilele vya Uluguru, mashamba ya miwa ya Mtibwa na mbuga za Mvomero. Kitongoji cha mwisho juu ya Kolero na mtaa wa kando ya barabara kuu vilizama katika tarakimu moja. Hatua iliyofuata ilikuwa kushusha jedwali lile hadi kwenye kitongoji. Hatujaikamilisha.

Kuna kisingizio, nacho kina heshima yake. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila. Tangu hapo tumehesabiwa kama Watanzania, na sioni sababu ya kuijutia hatua hiyo. Ukitazama majirani waliomwaga damu kwa sababu ya makabila, utaelewa thamani yake. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, lakini nyumbani, kwa msimamo huo huo, imeshikilia kwamba Waafrika wote ni wenyeji wa asili wa nchi yao, hivyo hakuna kundi la kutengwa kwa jina hilo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imechukua mkondo mwingine. Haiulizi nani alifika kwanza. Inatazama jamii ambazo maisha yao ya kufuga au kuwinda yamesukumwa pembeni na mipango ya nchi, na kwa Tanzania huwataja Wamaasai, Wabarabaig, Wahadzabe na Waakiye.

Sitaki kabila lirudi kwenye fomu ya sensa. Ila kukataa kuuliza kabila kusitugeuze tukakataa kuuliza kitu chochote. Tunaweza kuuliza mtu anaishi kitongoji gani, anatembea saa ngapi hadi kituo cha huduma masika na kiangazi, na anaishi kwa kulima, kufuga au kuuza nguvu zake. Maswali haya hayamgombanishi mtu na jirani yake, na majibu yake yangetosha kuonyesha nani ameachwa. Waluguru, kwa mfano, si wachache mkoani Morogoro. Ndio wengi katika nchi yao ya milima. Lakini Mluguru wa Bigwa, mjini, na Mluguru wa kilele cha Kibungo Juu hawaishi katika Tanzania moja wakati mama anapotokwa damu baada ya kujifungua. Kutokwa damu kwa namna hiyo kunaweza kuua ndani ya saa mbili. Kuna vitongoji Uluguru ambako saa mbili hazikufikishi hata kwenye barabara ya gari.

Hapa inabidi nikae kidogo na wanawake wa Uluguru, kwa sababu hali yao inavunja maelezo mepesi. Tunaambiwa kila siku kwamba mwanamke wa kijijini ana afya duni kwa kuwa hana ardhi. Mluguru anayo. Ukoo, ambao kwao ni lukolo, hufuatwa kwa mama, na shamba hupita kwa mama. Hata jina la Matombo, ile tarafa ya miteremko ya mashariki yenye misheni kongwe ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, maana yake ni matiti, kutokana na vilima viwili vinavyotazamana. Mume wa Kiluguru kwa desturi alihamia au alilima katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na neno la mjomba lilikuwa na uzito. Kwa nini basi mwanamke mwenye shamba lake la ndizi anashindwa kufika kituo cha afya kwa wakati?

Sehemu ya jibu iko kichwani kwake, namaanisha kichwani kabisa, pale anapojitwika mikungu. Ndizi, viazi, nanasi na viungo vya Uluguru huteremshwa kwa vichwa na migongo ya wanawake kabla ya kufika barabarani na kupakiwa hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini. Bei hupangwa bondeni na mwenye gari. Ardhi anayo, fedha taslimu zinamfikia kidogo na kwa msimu, na ugonjwa hausubiri msimu. Sera inasema matibabu ya mjamzito na ya mtoto aliye chini ya miaka 5 hayalipiwi. Ahadi hiyo imedumu tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993. Lakini kila mama anajua orodha ya mfuko wa kujifungulia: glovu, mpira wa kutandika, wembe, pamba, beseni, kanga safi. Ongeza nauli, ongeza chakula cha ndugu atakayemsindikiza, ongeza siku za kusubiri bondeni uchungu uanze. Huduma ni bure. Kuifikia kuna bei, na bei hupanda kadiri nyumba inavyopanda mlima.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye taratibu zetu wenyewe. Katika vituo vingi nchini mama hutakiwa aje na mume kliniki mara ya kwanza, wapimwe pamoja virusi vya UKIMWI. Nia ni njema, kwani mume akipima, familia nzima inapona. Lakini mama asiye na mume wa kumleta huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji au ya mtendaji. Fikiria jamii ambayo kwa karne nyingi mwanamke alisimama kwa jina la ukoo wa mama yake, mimba yake ikipokewa na bibi na mjomba. Leo anaambiwa akatafute barua ya kuthibitisha kwamba hana mwanamume, kutoka kwa kiongozi ambaye mara nyingi naye ni mwanamume, anayeishi ng'ambo ya korongo. Wengine wataipata. Wengine wataanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita. Vijiji kadhaa nchini vimekwenda mbali zaidi, vikaweka sheria ndogo ya kumtoza faini mama anayejifungulia nyumbani. Sheria ya namna hiyo mlimani ni kumtoza mtu faini kwa sababu ya mwinuko wa nyumba yake, na napinga kabisa kuwepo kwake.

Mlima huu una kumbukumbu ndefu ya amri zinazopanda kutoka chini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, ghasia zikazuka na mtu mmoja akauawa. Nusu karne baadaye, matuta yale yale yalirudi kwa mlango mwingine. Mashirika ya CARE na WWF yaliwashawishi watumiaji wakubwa wa maji ya mto Ruvu huko Dar es Salaam, wakiwemo shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya kutengeneza Coca-Cola, wawalipe wakulima wa Kibungo Juu kwa kutunza udongo. Mara hii watu walichimba kwa hiari. Walitambuliwa kuwa wanatoa kitu chenye thamani, wakalipwa.

Naiona njia hapo ambayo haijatumika kwa afya. Dar es Salaam inakunywa Uluguru kila siku. Mwanamke anayetunza kijito huko juu ana dai kwa jiji lililo chini, na dai hilo linaweza kuandikwa kwenye bei ya maji: senti kadhaa kwa kila uniti, zinazorudi mlimani kama nyumba ya kusubiria wajawazito, kama sola ya jokofu la chanjo, kama posho ya muuguzi anayekubali kuishi Kolero mwaka mzima. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilipotangazwa mwaka 2008, watu wa kando ya msitu waliombwa kuacha mambo mengi kwa faida ya walio mbali. Ni haki walio mbali nao warudishe kitu.

Teremka sasa hadi tambarare, kwa Waparakuyo wa Kambala wilayani Mvomero na wa Twatwatwa wilayani Kilosa. Hawa ni jamaa ya Wamaasai waliokaa na mifugo yao katika mbuga hizi kwa vizazi kadhaa. Shida yao si mwinuko. Ni uadui wa ardhi. Desemba 2000 mapigano ya wakulima na wafugaji huko Rudewa Mbuyuni, Kilosa, yaliua watu 38. Bonde la Mgongola, karibu na Kambala, nalo limegombewa kwa miaka. Baada ya mambo kama hayo, kliniki iliyo katika kijiji cha upande wa pili haipimwi tena kwa kilomita. Mama wa Kiparakuyo anayekwenda huko na mtoto mgongoni anapita kati ya watu wanaomtazama kwa kinyongo. Akifika, maswali huulizwa kwa Kiswahili cha haraka, naye mawazo yake yako katika Kimaa. Nyumbani maziwa ni yake, lakini ng'ombe wa kuuzwa kulipia hospitali yuko katika mamlaka ya mumewe, na mume yuko malishoni mwendo wa siku mbili.

Ng'ombe mwenyewe ana huduma zake. Hapo Morogoro mjini kuna Chuo Kikuu cha Kilimo, chenye jina la Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli aliyekuwa Waziri Mkuu na aliyefariki ajalini mwaka 1984 katika mkoa huu huu. Wataalamu wake wamekuwa mstari wa mbele kuchunguza magonjwa yanayotoka kwa mifugo kuingia kwa binadamu. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka mwaka 2007, watu zaidi ya mia moja walikufa nchini, Morogoro ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Wafugaji ndio wanaoingiza mikono ndani ya mnyama anayeharibu mimba. Mara nyingi wao ndio huanza kuugua, na taarifa zao huchelewa kufika.

Nchini Chad, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipita katika kambi za wafugaji wanaohamahama wakakuta ng'ombe wengi waliochanjwa, na hawakukuta hata mtoto mmoja aliyekamilisha chanjo zake zote. Timu za mifugo zilikuwa zinafika kambini. Za watoto zilikuwa zinasubiri kituoni. Dawa yake ikawa kuwapandisha wataalamu wote katika gari moja: huyu anachanja ndama, huyu anachanja mtoto, mafuta ni yale yale. Siku ya josho ni siku ambayo wafugaji wa Mvomero hukusanyika bila kuitwa na mtu. Kumtuma muuguzi mmoja na sanduku la ubaridi siku hiyo hakuhitaji jengo jipya.

Wapo wengine wanaotembea mbali kuliko hawa. Mtu mwenye ualbino anayelima Mgeta chini ya jua la mlimani anahitaji mafuta ya kukinga ngozi kila siku, siyo siku ya maadhimisho tu, na saratani ikishampata safari ni ya hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Huko huko huishia wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua miongoni mwa saratani za wanawake wa Tanzania ilhali inazuilika. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, mara nyingi shuleni. Aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, kuolewa au kuchunga ndama hayupo darasani siku hiyo, na ndiye aliye hatarini zaidi.

Kiswahili cha wauguzi kina neno zuri kwa kinachotakiwa: huduma ya mkoba. Muuguzi anatia chanjo kwenye sanduku la ubaridi, anachukua mizani ya watoto, anapanda pikipiki, na njia ikiisha anatembea hadi chini ya mwembe walikokubaliana. Imekuwepo kwa miongo mingi. Tatizo ni kwamba katika mipango hubaki nyongeza: mafuta yakipatikana, muuguzi akiwa wa pili kituoni, mvua isiponyesha. Mlimani na malishoni mkoba ndio ungekuwa huduma yenyewe, na jengo likawa ghala lake. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, mwanamke na mwanamume. Nasubiri kwa matumaini makubwa kuona vitongoji gani vya Uluguru vitapewa kwanza. Vikianza vile vya kando ya barabara kwa kuwa mafunzo hufanyika kwa urahisi huko, tutakuwa tumechora tena duara lile lile la bikari.

Ipo pia m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Ndugu wa mgonjwa anapiga 115 bila malipo, kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana dereva wa jamii anapigiwa. Hulipwa kwa simu akishamfikisha mama kituoni. Ni moja ya mambo bora yaliyofanywa nchini kwa ajili ya wazazi. Lakini gari huishia barabara inapoishia. Kutoka hapo kwenda juu mama hubebwa kwenye machela ya miti na shuka, vijana wanne mabegani na wengine wanne nyuma wakisubiri kupokezana, wakiacha kazi zao katikati. Nao ni wasafirishaji wa dharura sawa na mwenye gari. Majina yao yaandikishwe katika kila kitongoji kabla ya masika, namba zao ziwe kituoni, na walipwe kutoka fungu lile lile la dereva. Malipo yahesabiwe kwa saa walizotembea, wala si kwa kilomita.